Pale Ambapo Mto Haujaamua

Bolonkoto, Jarra
18 Juni 1972

Kwa Mjomba Landing,

Naomba karatasi hii ikukute umeketi kibarazani kwako Fatoto, birika liko motoni, na Mama Kumba anakugombeza kwa sababu ya sukari. Sisi wa huku chini ya mto tunaamka salama. Watoto wa kaka Fabakari wana mafua ya mwanzo wa mvua, ingawa mvua yenyewe bado haijatuona. Mkewe ni mjamzito tena, mzito kweli, anatembea ameshika kiuno. Mbuzi mweupe wa mama amezaa mapacha, na hatujui tuwagawe vipi, maana yeye ndiye aliyekuwa akigawa.

Arobaini ya mama tuliifanya Alhamisi. Watu walikuja hata kutoka ng'ambo. Tulipika wali kwa mchuzi wa karanga, imamu akasoma taratibu bila haraka, na kola, zile kokwa chungu za kutafuna, ziligawiwa mpaka zikabaki. Kiti chako tulikiacha wazi, upande wa wajomba. Kila aliyeingia alikitazama kile kiti, kisha akanitazama mimi. Nikawa nasema, "Meli imechelewa." Nimelisema neno hilo mara nyingi hata nikaanza kuliamini.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya kiti. Nakuandikia kuhusu kata.

Baada ya dua, wanawake wa mpunga waliingia chumbani kwa mama, Mama Sona mbele yao. Akaniwekea mapajani ile kata ya kibuyu ya mama, yenye ufa ulioshonwa kwa uzi wa nyavu. Akasema, "Tida, mama yako ametuonjea mto tangu sisi wasichana. Sasa onja wewe." Nikamwambia mimi nilikuwa mbali, shuleni kisha zahanati, na nimerudi kumuuguza tu. Nikamwambia mto siujui. Wuday, yule mtani wetu wa kijiji cha ng'ambo ya hori, ule mkono wa mto unaopita kwetu, akadakia na sauti yake ya ndege wa mikokoni: "Ulimi unao? Basi. Hatujakuomba utuandikie hati."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu tumzike.

Unayajua haya kuliko mimi, mjomba, lakini nayaandika ili uone uzito wa kilicho mapajani mwangu. Kijiji chetu kimekaa pale ambapo mto haujaamua. Kiangazi bahari inaupanda mto mpaka kwetu na kutupita, na majaruba ya mpunga yanalala meupe kwa chumvi. Mvua zikishanyesha kwenye milima ya Futa, maji matamu yanashuka yakiisukuma bahari irudi kwake. Siku mwonjaji anapokubali kwamba hori ni tamu, wanawake wote wanang'oa miche kitaluni na kuipandikiza. Akikubali mapema, chumvi inaiunguza, na miche mingine hakuna mpaka mwaka ujao. Kijiji kizima kinakula kutokana na kinywa kimoja. Na watu wa nyumba ya kina Touray wameshaanza kusema kwamba kata haifai kukaa kwa mtu wa madaftari. Nikikosea, itahama kwetu, na sitakuwa na uso wa kuidai.

Nakumbuka jinsi alivyofanya. Hakusema neno. Alisukutua na kutema funda la kwanza, akachota tena, akayashika mdomoni, kichwa ameinamisha kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali, kisha akatema. Siku asipotema, akimeza, vigelegele vilifika hadi barabarani.

Ninyi mmetoka tumbo moja. Aliwahi kukuambia lolote kuhusu kazi hii? Lolote.

Mimi mpwa wako,
Tida Fatty

*

Fatoto
9 Julai 1972

Kwa mpwa wangu Tida, binti wa dada yangu,

Salamu zako zimefika, na sukari nimepunguziwa. Huku kwetu wote wazima. Jirani amenunua redio, sasa tunasikia habari za dunia nzima tupende tusipende. Mwandiko huu ni wa Kumba. Mkono wangu una shughuli nyingine.

Mto wetu wa huku juu umekonda. Mtu anaweza kumwuliza mwenzake wa ng'ambo kama ana kiberiti na akajibiwa. Lakini usiudharau kwa wembamba wake. Maji haya yametoka Futa, yakaruka miamba ya Barakunda, na kila tone litakalofika kwako limepita mbele ya macho yangu kwanza. Nimekaa hapa miaka mingi nikisoma ule mti wa kupimia maji na kuwapelekea wakubwa hesabu zao. Najua tabia ya mto huu kama unavyojua tabia ya mume. Unajifanya umelala, kisha unaamka na hasira.

Viboko nao wananifahamu. Kuna dume zee nimelipa jina la Kamishna, maana halifanyi kazi na linataka kila mtu alipishe. Mimi nikipita na mtumbwi wangu, ni yeye anayenipisha. Watu wa hapa wanashangaa. (Mimi Kumba naandika tu ninachoambiwa.)

Sasa sikiliza. Usionje maji yakiwa yamepwa. Yakipwa, kila hori ni tamu, na huo ndio mtego. Onja yakiwa yamejaa, na bora zaidi siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari ikiwa na nguvu zake zote. Ikiwa siku hiyo bado ni matamu, basi ni matamu kweli. Tazama pia kinachoelea. Maji ya kwetu yakianza kufika yatakuwa mekundu kama chai ya tangawizi, na yatabeba vipande vya majani kama visiwa, wakati mwingine na ndege juu yake, anasafiri bila nauli. Mvua ya hapa mwaka huu imechelewa, kwa hiyo usifanye haraka. Ninachokiona leo utakiona mwezi ukishabadilika.

Usiwaogope kina Touray. Babu yao alikuja hapo kijijini akitafuta punda aliyepotea, akabaki. Sisi tulizaliwa na ule mto.

Jambo jingine, dogo. Tangu marehemu aondoke, kola haijapanda na meli. Kila harusi, kila akika ya mtoto, fungu lake la kola alinifungia kwenye ncha ya kitambaa akanitumia. Kikopo changu sasa kinalia kitupu. Silalamiki, nimesema tu.

Mjomba wako,
Landing Sanyang

*

Bolonkoto
6 Agosti 1972

Kwa Mjomba,

Tumeamka vizuri. Mafua yamekwisha. Mke wa Fabakari bado hajajifungua, na sasa anagombana hata na kuku. Mvua imetunyeshea mara chache, ya kufuta vumbi tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta sentensi moja, ya kuniambia kwa nini hukuja. Sikuiona. Labda Mama Kumba aliiruka.

Nashukuru kwa habari ya bamvua. Nimekwenda horini kila maji yanapojaa, na kila mara nimetema. Bahari bado iko nyumbani kwetu. Wanaume wanavua kamba mpaka chini ya gati, na wanawake wanakata chaza kwenye mizizi ya mikoko sehemu ambazo miaka mingine wangekuta kambale. Jana nguva aliinua pua katikati ya hori, akapumua, akatuangalia sote kama mgeni aliyekosea mlango, akazama.

Miche kitaluni inazeeka. Shingo zake zimeanza kuwa ngumu. Wanawake wanakuja kuiangalia asubuhi, wanaishika, wananitazama.

"Tida, miche yangu imeshafika magotini," anasema Mama Sona.

"Yako imefika magotini kwa sababu wewe mfupi," anasema Wuday.

"Na wewe mdomo wako ndio umefika magotini."

Hawanisukumi kwa maneno, ila nawasikia wakipita nyuma ya ukuta wangu. Mmoja wa kina Touray alisema marehemu angekwisha jua. Inawezekana ni kweli.

Mama alipokuwa mgonjwa aliniomba maji ya kisima usiku mmoja. Nikampa. Akayashika mdomoni kwa muda mrefu, na mimi nikadhani hawezi kumeza, nikainuka kumshika mgongo. Akameza, akatabasamu: "Kisima kinaiga bahari mwaka huu." Hata alipokuwa amelala pale alikuwa kazini. Nilikuwa najua alikuwa mpole, alikuwa mcha Mungu, alikuwa mkali kwa wanaopoteza mafungu ya miche. Sikujua kwamba alikuwa fundi. Nimejivunia jambo hilo baada ya yeye kuondoka, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe.

Kola zilizobaki za arobaini nimezitafuna mwenyewe. Nisamehe. Zinanipa nguvu, na nimeanza kuzipenda. Mama hakuwa mtu wa kola, si unajua magego yake yalikwisha. Zikipatikana nyingine nitakukumbuka.

Tida

*

Fatoto
16 Agosti 1972

Kwa mpwa wangu,

Hatujambo. Redio ya jirani imeharibika, Mungu ni mwema.

Nina habari. Mto umeamka! Juzi tulilala tukauacha chini ya jiwe la wafua nguo, asubuhi jiwe halionekani. Maji ni mekundu, yana povu, na yananuka milima. Mti wa kupimia umemeza alama moja baada ya nyingine, na mimi nimetuma hesabu kwa wakubwa kwa mkono wa Kumba. Nilipoona yale maji nilisema kwa sauti, "Nendeni kwa Nyima." Ulimi ulizoea jina la mama yako. Kisha nikasema, "Nendeni kwa Tida."

Lakini njia ni ndefu, na mto wetu haupendi kunyooka. Unazunguka kila kisiwa, unasalimia kila mtu. Usikubali kusukumwa. Mwonjaji anayeharakishwa na majirani ni sawa na imamu anayeharakishwa na harufu ya chakula.

Ile sentensi unayoitafuta sina.

Landing

*Mimi Kumba naongeza haya. Amelala, na bahasha ninayo mimi. Binti yangu, usimchukie mjomba wako. Wiki moja kabla ya habari ya msiba kufika, yule Kamishna aliupindua mtumbwi wake pale pale kwenye mti wa kupimia maji. Amevunjika paja na mkono wa kulia. Yuko mikononi mwa mganga wa mifupa mpaka leo, amefungwa mianzi kama uzio. Msiba ulipofika alitaka abebwe kwa machela mpaka melini, mganga akakataa, akalia. Sijawahi kumwona akilia. Amenikataza kuandika neno kiboko isipokuwa la kumsifia. Anasema dada yake alimwambia tangu zamani, "Yule mnyama hakuogopi, ana shibe tu," na yeye akambishia mbele ya watu. Sasa anaona aibu hata mbele ya kaburi. Usimwambie nimesema.*

*

Bolonkoto
28 Agosti 1972

Kwa Mjomba, na kwa Mama Kumba mwenye mwandiko mzuri,

Tumepata mtoto! Msichana, mweusi tititi, ana kidole gumba kinachopinda kama cha mama. Wamempa jina Nyima. Nilipolisikia likitajwa sikioni mwake nilitoka nje nikajifanya naangalia chungu.

Mjomba, nimesikia habari fulani kuhusu Kamishna. Sitasema nimezisikia wapi. Upepo huwa unashuka na mto. Nasema tu kwamba kile kiti sasa nimekiondoa ukutani, na anayeniuliza namwambia, "Mjomba alikuwa kazini." Mimi ndiye ninayekuomba msamaha. Nilikuwa na kinyongo, na wewe ulikuwa umefungwa mianzi.

Sasa na mimi nina la kusema, na nimeanza karatasi hii mara kadhaa nikaichana.

Akika ilikuwa siku ya bamvua, mwezi mpevu. Asubuhi mtoto alinyolewa, kola zikagawiwa. Shangazi wa mtoto hupewa nyingi, wewe unajua. Nilitafuna mbili nikiwa nimempakata. Nilikuwa na furaha, mjomba. Tangu kifo kile sikuwa nimesikia furaha ikinijaa hivyo.

Maji yalipojaa tukaenda horini, wanawake wote, wengine na nguo zao za akika. Nikachota kwa kata. Nikayashika mdomoni. Yalikuwa matamu. Matamu ya ajabu, kama yamewekwa asali. Nilifikiri ni baraka ya mtoto mwenye jina lile. Nikameza. Tena sikunyamaza kama mama, nilipiga kelele, "Matamu!" Vigelegele vikapanda. Mama Sona alikaa chini kwenye tope na nguo yake ya sikukuu. Tukakubaliana kung'oa miche kesho alfajiri.

Jioni niliona kiu. Nikaenda kisimani, kile kile kinachoiga bahari, ambacho watoto wakinywa wanakunja uso. Nilikuwa nimerudia kipande cha kola njiani. Nikanywa. Kilikuwa kitamu kama asali.

Nilisimama pale na kamba ya ndoo mkononi. Nikamwita binti wa jirani anywe. Akanywa, akakunja uso. "Chumvi, shangazi, kama siku zote."

Kumbe si mto ulioamua. Kola ndiyo iliyoamua.

Nilitamani ardhi inifunike. Niliwaza kwamba huenda hori ni tamu kweli na kisima pekee ndicho kibaya. Niliwaza nikae kimya, nimwombe Mungu. Kisha nikaiona miche yote ile, ya kila nyumba, imelala kichwa chini kwenye chumvi kwa sababu ya aibu yangu. Nikajifunga kanga kiunoni, nikapita nyumba hadi nyumba. Kila mlango nilisema maneno yale yale: "Kinywa changu kilikuwa na kola, kimedanganya. Msing'oe."

Kina Touray walinisikiliza hadi mwisho. Mkubwa wao akasema, "Tumekusikia," akafunga mlango taratibu. Mama Sona alisema, "Na nguo yangu je?" Kisha akanishika mkono, hakuuachia kwa muda.

Kwa Wuday nilichelewa. Hakungoja alfajiri, alikuwa ameshapandikiza jaruba moja zima, peke yake, kwa furaha. Nilimkuta ananawa miguu.

"Wuday, nimekosea."

"Kukosea vipi?"

Nikamweleza. Alinitazama, maji yanamdondoka magotini. "Yaani mgongo wangu wote huu ni wa kola?"

"Ni wa kola."

"Nyinyi watu nyinyi! Tangu babu zenu hamjui kula kitu bila kutuletea hasara." Akavunjika mbavu kwa kucheka mpaka akajishika kwenye nguzo. Kisha akaacha, na nikaona macho yake. Lile jaruba ndilo chakula chake cha kiangazi.

Kesho yake ncha za miche zilikuwa njano. Siku zilizofuata zikawa kama nyasi za kuezekea. Nimemgawia miche kutoka kitaluni kwa mama, ya kujaza jaruba lake lote. Kwa hiyo shamba la mama mwaka huu litabaki na pengo upande wa mashariki, pale alipopenda kuanzia. Yeye angenisamehe pengo. Kwa kola sijui.

Bamvua ijayo ni mwezi ukiandama. Wanasema nionje tena, kwa mara ya mwisho. Nikikosea, kata inakwenda kwa kina Touray. Miche haiwezi kungoja zaidi ya hapo. Sijui kama ulimi wangu utaniamini.

Tida

*

Fatoto
3 Septemba 1972

Tida,

Naandika kwa mkono wa kushoto, usicheke. Kumba amefukuzwa kazi ya ukarani. Usiku huo huo nimemrudisha, maana hakuna mwingine, lakini barua hii ni yangu.

Kweli kiboko alinipindua. Haya, nimeandika. Ki-bo-ko.

Sasa nisikilize, nami nitakuambia nilichopaswa kukuambia nikiwa nimekaa kwenye kile kiti.

Tulipokuwa watoto, mimi na mama yako tulikuwa tukiiba kola za baba. Hatukuzipenda, ni chungu. Tulizipenda kwa sababu ukishatafuna, ukakimbilia kisimani, maji yanakuwa sharubati. Tulikunywa mpaka matumbo yanalia kama ngoma. Mchezo ule ulikuwa wetu wawili, hatukumwonyesha mtu. Yeye alijua kola inavyofanya maji tangu ana meno ya utoto.

Siku alipopewa kata alikuja kwangu. Nilikuwa kijana, najiandaa kuja huku juu kutafuta kazi. Alifungua ncha ya kanga, akanimiminia kola zake zote mkononi. Akasema, "Landing, kuanzia leo utatafuna na fungu langu." Nilidhani ananipa zawadi ya safari. Zikaendelea kuja kila mwaka, na mimi nikaendelea kutafuna na kudhani dada yangu ananipenda tu. Barua yako ndiyo iliyonizindua. Hayakuwa magego, Tida. Magego yalikwisha baadaye sana. Aliacha kola siku ile kwa sababu kinywa chake hakikuwa chake tena, kikawa cha wanawake wa mpunga. Na hakumwambia mtu, ili asionekane anajisifu.

Ningekuwa kwenye kile kiti ningekuona unatafuna, ningekupiga kofi mkononi. Jaruba la Wuday na pengo la shamba la mama yako ni vya kiboko na vya kiburi changu cha kutoandika. Mwambie Wuday hivyo, naye anitukane anavyotaka, ni haki yake ya utani.

Lakini nikupime na mimi, maana kupima ni kazi yangu. Wewe ulipita nyumba hadi nyumba usiku ukasema, "Kinywa changu kimedanganya." Mimi mwanamume mzima nilishindwa kuandika neno moja kwa miezi. Mama yako alikuwa na ulimi mzuri. Wewe una ulimi na una uso. Ulimi wako ni mzima. Ulilewa kola tu, na sasa umelevuka.

Mto wetu umejaa hadi ukingoni. Majani yameshapita hapa mengi, visiwa kwa visiwa. Juu ya kimoja kulikuwa na korongo mweupe, amesimama mguu mmoja kama mimi. Nimemwambia akusalimu.

Landing

*

Bolonkoto
10 Septemba 1972

Mjomba,

Barua yako ilishuka na meli Jumatano. Tangu barua yangu ile sikuwa nimetia kitu kinywani kabla ya kuonja, hata mswaki wa mti niliuacha. Lakini nilikuwa naogopa. Nilipoisoma hofu haikuisha, ila nilijua si mimi wa kwanza kuibeba.

Ijumaa, maji yakiwa yamejaa, tulikwenda. Hori lilikuwa jekundu. Vipande vya majani vilikuwa vimekwama kwenye mikoko. Korongo sikumwona, ila kulikuwa na chura, amekaa juu ya jani kama mwenye kazi yake. Asubuhi ile watoto walikuwa wamevua kambale. Kila kitu kilikuwa kinasema ndiyo, lakini mama hakuwa mtu wa kumeza kwa sababu ya chura.

Kina Touray walikuja pia. Wuday alinikamata kidevu mbele ya watu wote: "Fungua. Toa ulimi. Haya, geuza." Akachungulia kama anayenunua punda. "Hana kola. Endeleeni."

Nikachota. Nikayashika mdomoni, nikainamisha kichwa. Mjomba, sasa najua alikuwa anasikiliza nini. Ladha ya kwanza ni tope. Halafu majani. Halafu unangoja, na pale ambapo chumvi hukaa, kando ya ulimi huku nyuma, unaiuliza kama iko. Nikaiuliza. Nikatema.

Wanawake wakaanza kutazamana. Nilikuwa natema lile funda la kwanza la kusafisha kinywa, kama yeye, ila wao walishasahau kwa woga, na Mama Sona alianza kulia. Nikachota tena. Nikaiuliza tena. Haikuwepo. Bahari ilikuwa imerudi kwake.

Sikusema neno. Nilimeza.

Kisha nikampa kata mkubwa wa kina Touray. Akaonja, akameza, akairudisha mikononi mwangu kwa mikono miwili. Vigelegele sina haja ya kukueleza. Bila shaka umevisikia huko.

Tumepandikiza kuanzia siku ile mpaka leo. Mgongo wangu umekuwa kigae. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Tida

*

Bolonkoto
20 Desemba 1972

Kwa Mjomba Landing, atembeaye sasa kwa fimbo, na Mama Kumba,

Nyima mdogo ameota jino. Tumevuna. Mwaka umekuwa mbaya kwa vijiji vingi na mvua ilikuwa chache, lakini ghala za wanawake wa hapa zina mchele, na ghala la Wuday limezidi langu. Hanipi nafasi ya kusahau. Pengo la upande wa mashariki lilijaa maua ya majini. Nilikuwa naanzia hapo kila asubuhi, kama yeye.

Mwenye meli atakukabidhi mfuko. Ndani kuna mchele mpya, mpike bila mboga kwanza, uusikie wenyewe. Chini ya mchele utakuta kitambaa cha mama, kile cha bluu kilichochujuka. Wiki hii palikuwa na harusi kwa kina Touray, nikaketishwa mbele, pale alipokuwa akiketi. Kola ziligawiwa, na fungu langu lilikuwa kubwa. Watu walikuwa wakinitazama. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikazifunga kwenye ncha ya kitambaa.

Mjomba, kuanzia leo utatafuna na fungu langu.

Tida